Mauti ya Mapema na Maradhi ya Akili Katika Nchi ya Kusini, 1876–2026

Katika kitabu hiki cha Jubilei wengine wameandika habari za makanisa yaliyojengwa, na za maaskofu na mapadre waliotutangulia, na za shule zetu. Sisi tumepewa kazi ya kuandika habari za wafu. Si kazi ya furaha, walakini tumeipokea, kwa kuwa twaamini ya kwamba Kanisa lililokaa mahali pamoja miaka 150, na dayosisi iliyotimiza miaka 100, haliwezi kusema limeijua nchi yake kama halijui watu wake walikufaje na walikufa wangali na umri gani. Tena tumeongeza habari za wale ambao hawakufa upesi, bali akili zao ziliharibika, wakawa kama wafu machoni pa jirani zao. Mambo haya mawili yamekwenda pamoja katika nchi yetu ya Kusini, tangu Lindi hata Masasi, na tangu Newala hata mto wa Ruvuma, na sababu zake si mbalimbali kama watu wanavyodhani.

Wazee husema, siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Methali hii ni njema sana ya kumfariji mfiwa, wala hatuikatai. Lakini haielezi kwa nini miti ya Newala iteleze mara mbili kuliko miti ya Moshi. Basi hilo ndilo neno tunalolitafuta.

Askofu Edward Steere alitoka Unguja mwaka wa 1876 pamoja na watu waliokuwa watumwa, waliookolewa katika majahazi na kuwekwa huru, akashuka Lindi ili kuwarudisha karibu na nchi walikotekwa. Mwaka uliotangulia alikuwa amekwisha kufika kwa Mataka, katika nchi ya Wayao, na nia yake ilikuwa kwenda mbali zaidi kuelekea Nyasa. Lakini walipofika Masasi watu walipapenda: pana maji, pana mawe makubwa ya kujificha, na ardhi ni njema. Wakakaa. Hivyo msingi wa kwanza wa Kanisa letu ulikuwa watu ambao maisha yao yalikuwa yamekwisha kukatwa mara moja. Aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa bahari, hakuwa na baba wala mjomba wa kumwuguza, wala hakujua kaburi la mama yake liko wapi. Siku zile hapakuwa na mganga wa kupima ugonjwa wa namna hii, wala jina lake halikuwako. Lakini kila ajuaye maana ya ukoo kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde atafahamu ni mzigo gani watu wale walikuja nao, usioonekana kwa macho.

Wamisionari nao walikufa upesi. Askofu Mackenzie, wa kwanza wa misheni yetu, alikufa kwa homa mwaka wa 1862 karibu na mto Shire, kabla ya kutimiza mwaka mmoja katika nchi ile. Steere alikufa Unguja mwaka wa 1882, umri wake miaka 54. Askofu Smythies alikufa baharini mwaka wa 1894. Chauncy Maples, aliyefanya kazi miaka mingi Masasi na Newala, alizama katika ziwa la Nyasa mwaka wa 1895, akiwa na miaka 43, naye alikuwa ametoka tu kuwekwa Askofu. Majina haya twayakumbuka, na ni haki kuyakumbuka. Hata hivyo twaona hapa tofauti ya kwanza. Mzungu alikuwa na kwinini katika sanduku lake, na machela ya kuchukuliwa, na meli ya kumrudisha kwao homa ikizidi. Mpagazi aliyeibeba ile machela hakuwa na hata kimoja cha hivyo vitatu. Mzungu alipokufa barua iliandikwa. Mpagazi alipokufa alizikwa kando ya njia, na mzigo wake ukagawanywa.

Septemba 1882 Wangoni, ambao watu wetu waliwaita Magwangwara, waliishambulia Masasi. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, wanaume na wanawake na watoto wakachukuliwa mateka. Wengi wao walikuwa wale wale waliokwisha kuwekwa huru Unguja, na sasa walitekwa mara ya pili. Padre Porter alifunga safari hata Ungoni kutafuta kuwakomboa. Maples akahamia Newala pamoja na watu waliobaki, na Masasi ikawa kama jivu kwa muda. Twaliandika jambo hili kwa sababu husimuliwa kama habari ya vita tu, na ya ushujaa, nalo lilikuwa pia habari ya mashamba yaliyoachwa, na watoto waliolala porini katika mwezi wa kiangazi, na mama waliozaa njiani.

Lakini msiba mkubwa ulikuwa ule wa Maji Maji. Mwishoni mwa Agosti 1905 misheni ya Masasi ilichomwa moto, na wamisionari wakakimbilia pwani. Jirani zetu Wakatoliki waliumia zaidi: Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa katika njia ya Liwale, na misheni za Lukuledi na Nyangao zikateketea. Mambo hayo yamo katika vitabu vingi. Yasiyosemwa sana ni mauti yaliyofuata bunduki ziliponyamaza. Wadachi waliona ya kuwa hawawezi kuwapata wapiganaji porini, basi wakachoma ghala na mashamba, ili njaa imalize kazi iliyowashinda askari. Serikali ya Wadachi yenyewe ilitaja watu 75,000 waliokufa. Wanachuoni waliochunguza baadaye, kama Gilbert Gwassa, wamekadiria kati ya 250,000 na 300,000. Zaidi yao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, na kwa kuhara, na kwa maradhi ambayo mwenye kushiba huyashinda. Na njaa haichagui kama risasi: risasi humwua kijana mwenye mkuki, lakini njaa huanza na mtoto anyonyaye, kisha mjamzito, kisha mzee.

Nchi za Kaskazini hazikupita katika tanuri hii, na hatudhani mtu aweza kufahamu hesabu za vifo vya karne nzima iliyofuata bila kuanzia hapa. Vijiji vilivyokuwa vikubwa vikawa pori, pori likarudisha wanyama na mbung'o, na watu waliobaki wakawa wachache, wametawanyika, mbali mbali. Nchi ya watu wachache waliotawanyika ni nchi ambayo serikali yo yote huona ni ghali kuipelekea barabara.

Kabla jeraha hili halijapona ikaja vita ya 1914. Mwaka wa 1917 ilifika mlangoni petu. Mapigano ya Mahiwa ya Oktoba yalikuwa miongoni mwa makali kuliko yote katika Afrika ya Mashariki. Mwezi uliofuata Wadachi walivuka Ruvuma. Pande zote mbili zilichukua chakula cha watu, na pande zote mbili zilichukua watu wenyewe kuwa wapagazi. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, ambaye Masasi ilikuwa chini yake siku zile, aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi mwaka wa 1916, akatembea nao, nao walimpenda kwa hilo. Wapagazi wa jeshi la Waingereza walioandikwa kuwa wamekufa wapita 40,000, na karibu wote walikufa kwa maradhi. Mwaka wa 1918 ikafuata homa kuu ya mafua, iliyowakuta watu wamekwisha kukonda.

Hiyo ndiyo nchi aliyopewa Askofu William Vincent Lucas, dayosisi ya Masasi ilipokatwa katika ile ya Zanzibar mwaka wa 1926. Watu humkumbuka zaidi kwa habari za jando na unyago wa Kikristo. Sisi twapenda kumkumbuka pia kwa kuwa katika siku zake kazi ya hospitali ilikuwa sehemu ya kazi ya Kanisa, si kama chambo cha kuvulia Wakristo. Mwaka wa 1935 alifika Daktari Leader Stirling, akafanya kazi Lulindi katika majengo ya udongo na nyasi, akapasua watu mahali ambapo hapakuwa na umeme wala bomba la maji, akafundisha vijana wa kwetu uuguzi. Baadaye akaingia Kanisa la Roma akahamia Mnero; na mwisho, yeye aliyezaliwa Uingereza, akawa raia wa nchi hii na Waziri wa Afya, tangu 1975 hata 1980. Kule Ndanda masista Wabenediktini nao walikuwa wakifanya kazi kubwa, naye Sista Thekla Stinnesbeck, daktari, alijulikana na watu wa dini zote. Siku zile Waanglikana na Wakatoliki walishindana katika mambo mengi, na mengine hayakuwa ya kupendeza. Lakini mgonjwa wa ukoma hakuuliza kengele iliyolia ilikuwa ya Kanisa gani.

Hata hivyo twaomba msomaji apime jambo hili. Hospitali iliweza kumponya aliyefika. Nani alifika? Alifika wa Lulindi mwenyewe, na wa kijiji cha pili, na mwenye ndugu wanne wenye nguvu za kubeba kitanda. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu usiku katika bonde la Ruvuma wakati wa masika hakufika. Hivyo hata ndani ya dayosisi moja, yenye imani moja, mauti hayakuwa sawasawa.

Katika Newala lilikuwako jambo la pili, nalo ni maji. Nyanda za juu za Wamakonde ni nzuri, zina hewa safi, lakini mvua huzama mchangani mara moja, na juu hapana mto. Wanawake walishuka genge hata bondeni kuteka, wakapanda tena na mtungi kichwani, mwendo wa saa nyingi, kila siku, wajawazito na wasio wajawazito. Maji yaliyopatikana kwa jasho namna hii hayatumiki kuoshea mikono ya mtoto. Kazi ya kupandisha maji kwa mashine ilianza katika miaka ya 1950, na tangu 1972 watu wa Finland walisaidia kazi ya maji ya Mtwara na Lindi kwa muda wa miaka 20 na kitu. Mitambo mingi iliharibika, mingine ikatengenezwa. Ye yote aliyekaa Newala atasimulia mwenyewe.

Sasa twageukia maradhi ya akili. Wa zamani walitofautisha kichaa kwa namna zake: wa mashetani, wa kurogwa, wa bangi, wa kurithi. Mpole aliachwa atembee, akala kila mlango. Mkali alifungwa mkatale, yaani gogo lililotobolewa na kutiwa mguu, au kamba, katika kibanda nyuma ya nyumba. Tusiwahukumu upesi waliofanya hivyo. Mtu aliyefunga mwanawe mkatale alilala karibu naye, alimlisha kwa mkono wake, na hakuwa na mahali pengine pa kumpeleka.

Mahali palikuwako, lakini mbali. Kule Lutindi, katika milima ya Usambara, Wadachi wa Kiprotestanti walianzisha makao mwaka wa 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani. Na mnamo 1904 makao yale yakawa pia hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika nchi yote iliyoitwa Afrika ya Mashariki ya Wadachi. Tazama jinsi mambo yanavyofanana: Masasi na Lutindi zote mbili zilianzwa kwa ajili ya watumwa waliowekwa huru, moja Kusini, moja Kaskazini, na ile ya Kaskazini ndiyo iliyopata nyumba ya wagonjwa wa akili. Kisha katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ikajenga Mirembe, huko Dodoma, kwa ajili ya Tanganyika nzima. Mtu wa Masasi aliyepelekwa Mirembe alishuka kwanza Lindi, akasafiri kwa meli hata Dar es Salaam, kisha akapanda reli zaidi ya kilometa 400. Mgonjwa wa Dodoma aliweza kutembelewa na mama yake. Wa kwetu alikaa miongoni mwa watu wasiojua lugha yake, wasiojua jina la mjomba wake. Na alipopona, nani alijua kwamba amepona? Twajua sote ya kuwa mtu huponywa nusu na dawa na nusu na kurudi nyumbani kwake. Wa Kusini walinyimwa ile nusu ya pili kwa sababu ya ramani tu.

Kifafa ndicho kinachounganisha sehemu zote mbili za habari hii, maana ni ugonjwa wa ubongo, watu huuhesabu pamoja na wazimu, nao huua. Hapa twachukua ushahidi kwa jirani zetu wa Mahenge. Daktari Louise Aall wa Norway alianza kliniki ya kifafa huko mwaka wa 1960. Alikuta wagonjwa wametengwa, wanakula peke yao, kwa kuwa watu waliamini ya kwamba mate yao huambukiza. Na mgonjwa akiangukia motoni jirani waliogopa kumgusa. Baada ya miaka 30 yeye na mwenzake, Daktari Rwiza, waliwatafuta wagonjwa 164 wa zamani. Watu 110 walikuwa wamekufa, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokana na kifafa chenyewe: kuungua, kuzama majini, au kifafa kisichokoma. Dawa iliyohitajika, fenobabitoni, ni miongoni mwa dawa rahisi kuliko zote ulimwenguni. Haikukosekana kwa sababu ya bei. Ilikosekana kwa sababu ya mwendo, na kwa sababu ya haya.

Na Kanisa je? Ni lazima tuseme, maana kitabu cha Jubilei kisiwe cha sifa tupu. Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka wa 1662, ambalo ndilo mama wa misheni yetu, kilikataza sala za maziko zisisomwe juu ya watu wa namna tatu: asiyebatizwa, aliyetengwa na Kanisa, na aliyejiua. Mahali sheria hii ilipofuatwa kwa ukali, wafu wawili ambao ndio hasa tunaowatafuta, yaani mtoto mchanga aliyekufa kabla ya maji ya ubatizo, na mtu aliyejiua katika giza la akili, hawakupata hata mstari mmoja katika daftari ya maziko. Ndiyo maana walimu na wakunga walifundishwa kumbatiza wenyewe mtoto aliye hatarini. Anayetaka kujua hesabu ya mauti ya mapema kwa kusoma daftari tu hataipata, kwa kuwa daftari lilijua zaidi wale waliokufa kwa taratibu.

Mwaka wa 1947 ilionekana kana kwamba Kusini imekumbukwa. Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya mahali palipochaguliwa. Trekta zilikuja, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikatandikwa kutoka pwani hata Nachingwea. Mpango ulikufa mwaka wa 1951, umekula pauni milioni 36 hivi. Reli iliendelea kidogo kwa shida. Mwaka wa 1962 ikafungwa, na vyuma vyake vikang'olewa. Twafikiri ni nchi chache ulimwenguni zilizopata reli na kuirudisha.

Sasa linganisha na Kilimanjaro. Injili ilifika Masasi mwaka wa 1876. Ilifika Moshi mwaka wa 1885, na wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka wa 1893. Basi kwa Injili sisi tulikuwa wakubwa wao. Lakini reli iliwafikia mwaka wa 1911, na kahawa ikawapa fedha, na baridi ya mlima ikawapunguzia mbu, na fedha ya kahawa ikawasomesha binti zao, ambao walipokuwa mama walijua kuchemsha maji na kumpeleka mtoto hospitali siku ya kwanza ya homa wala si ya nne. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka wa 1971, na mwaka ule ule Bugando ikafunguliwa Mwanza. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, huko Mtwara, ilianza kupokea wagonjwa mwaka wa 2021. Ni miaka 50 kamili. Hatusemi haya kwa kijicho. Ndugu zetu wa Moshi walijenga kwa jasho lao. Ila hesabu za watu za 1978 na za 1988 zilionyesha ya kwamba watoto wa Mtwara na Lindi walikuwa wakifa kabla ya kutimiza mwaka mmoja karibu mara mbili kuliko wa Kilimanjaro. Hata katika habari za akili imekuwa hivyo: katika miaka ya 1980, serikali ilipoanza kujaribu kupeleka matibabu ya akili katika zahanati za vijijini, mikoa iliyochaguliwa ya kwanza ilikuwa Morogoro na Kilimanjaro.

Haingekuwa haki kunyamaza juu ya yaliyotendeka baada ya Uhuru. Mwaka wa 1973 redio ilifundisha nchi nzima katika kampeni ya Mtu ni Afya, na wazee wetu wengi walichimba choo chao cha kwanza kwa sababu ya sauti ile. Chanjo za watoto zilienea tangu 1975. Mkomaindo, iliyoanzwa na misheni, ikawa hospitali ya serikali, na wengine wetu walisikitika, lakini kodi ya nchi ilipata kulipia dawa ambazo sadaka haikuweza. Mwaka wa 2003 daraja la Rufiji lilifunguliwa, lenye urefu wa karibu kilometa 1, likaitwa kwa jina la Rais Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, karibu nasi hapa. Kabla ya siku ile mto ulipofurika gari lilingoja kivuko, na pengine masika yote Kusini ilikuwa kama kisiwa. Katika Tanzania nzima, kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, waliokufa kabla ya kutimiza miaka 5 walikuwa 147 katika uchunguzi wa 1999, 81 katika ule wa 2010, na 43 katika ule wa 2022. Hili ni badiliko kubwa kuliko yote tuliyoyaandika hapa, na limefanyika kimya kimya, kwa vyandarua, chanjo na dawa mpya za malaria.

Walakini umbali haujafa. Mwaka wa 2007 wachunguzi wa Ifakara walihesabu kaya 226,000 katika wilaya tano za Lindi na Mtwara, na Newala na Nachingwea zilikuwamo. Miongoni mwa wanawake waliokaa chini ya kilometa 5 kutoka hospitalini, waliokufa kwa sababu za uzazi wenyewe walikuwa 111 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Miongoni mwa waliokaa zaidi ya kilometa 35, walikuwa 422. Ni wanawake wa mashamba yale yale ya korosho, wanaokula muhogo ule ule na kusali katika nyumba zile zile, wengine msikitini, wengine kanisani. Kilichowatenga ni kilometa 30.

Kwa wagonjwa wa akili iko sheria ya mwaka wa 2008, inayotaka watibiwe kwa heshima, na dawa zimesogea karibu kuliko zamani. Madaktari wa akili bado ni wachache mno katika nchi yote, na wengi wao wamekaa mijini. Katika vijiji vya mpakani kibanda cha nyuma ya nyumba hakijabomolewa kila mahali. Mapadre wetu wanaotembelea wagonjwa wavijua vibanda hivyo, na mara nyingine wao ndio wageni wa pekee waingiao mle.

Liko pia jambo moja ambalo hesabu njema za watoto hulificha. Wanaokufa katika mwezi wa kwanza wa maisha walikuwa 26 kwa kila 1,000 mwaka wa 2010, na 25 katika uchunguzi wa 2015–16, na 24 mwaka wa 2022. Mtoto wa miaka miwili ameokolewa na chandarua. Mtoto wa siku mbili hutaka mkunga mwenye ujuzi, na mashine ya pumzi, na gari usiku, naye hupata hivyo kwa kadiri ya mahali alipozaliwa. Wengi wao hufa siku ile ile, kabla ya kupewa jina, na katika daftari la ubatizo hawamo.